Nani Anacheza Kete za Nafis

Ukitaka kumjua Lavelle Stukes, usimtazame usoni, mtazame miguu. Uwanja wa gereza la Breaker Hill ni mkubwa, watu wanaweza kucheza mpira upande mmoja na wengine wakaota jua upande wa pili bila kukanyagana. Lakini Mzee Stukes alitembea hatua nne, akageuka. Hatua nne nyingine, akageuka. Hivyo hivyo mpaka kengele ya kurudi ndani. Sisi wa jengo la C tulimpenda, na kwa kuwa tulimpenda hatukumhurumia kwa maneno.

"Mzee, ukuta uko wapi?"

"Upo," alijibu. "Huuoni kwa sababu hujawahi kuulipia kodi."

Yeye alikuwa ameulipia miaka tisa. Alizaliwa kaskazini mwa Philadelphia, kwenye zile nyumba za matofali zilizobanana ukuta kwa ukuta karibu na barabara ya Susquehanna. Mama yake, Bi. Earline, alifua mashuka ya hospitali siku sita na siku ya saba akaimba kanisani, na huyu mwanawe wa tatu hakumpa raha tangu tumboni. Akiwa na miaka ishirini, kwenye ugomvi ulioanzia kwenye koti, Stukes alimpiga risasi Otis Fenner, mtu mwenye mke na mtoto mchanga. Hajawahi kudai kwamba hakukusudia. Husema tu, "Nilimuua, na koti lenyewe lilinibana." Jimbo likampa kifungo cha maisha, na huku Pennsylvania maisha ni maisha mpaka jeneza.

Alipofika thelathini na moja alimvunja askari taya. Wakamtia shimoni. Tunapaita shimo, ingawa ni ghorofani: chumba cha saruji, mlango wa chuma wenye kidirisha chembamba na tundu la kupitishia sinia, saa ishirini na tatu ndani na saa moja kwenye kizimba cha nje. Alitakiwa akae siku tisini, wakawa wanaongeza na kuongeza hadi ikawa miaka tisa. Alitoka na arobaini, mvi zimeshamwingia ndevuni, anazungumza na sinki. Mpaka leo anasema sinki lile lilikuwa na adabu kuliko wengi wetu.

Kwa hiyo gereza lilipotangaza kwamba litawafundisha wafungwa wachache kazi ya kuwasaidia wenzao waliochanganyikiwa, Stukes alikuwa wa kwanza kuandika jina. Mafunzo yalikwenda wiki mbili. Akapewa cheti, beji, na kiti cha plastiki ambacho sijawahi kumwona amekikalia. Jumatatu hadi Alhamisi, asubuhi, alipanda jengo la J, ndiko liliko shimo, akapita mlango kwa mlango. Huko huwezi kuongea na mtu uso kwa uso. Unabana mdomo kwenye ufa wa pembeni ya mlango, ukimaliza unabana sikio palepale. Jioni Stukes alirudi C na mstari mwekundu shavuni, akala tambi zake amesimama.

Hakuwa peke yake kazini. Bi. Wojtowicz, mwanasaikolojia, alipita kila Jumanne. Watu walishindwa na jina lake, wakamwita Bi. Wojo. Hakuwa mtu mbaya. Ni mtoto wa mabonde hayahaya, babu yake alichimba makaa, na aliweza kukumbuka majina ya mama zetu. Tatizo lilikuwa swali. Kanuni ilimtaka asimame mlangoni na kuuliza kwa sauti ya kusikika ndani ya chuma, "Uko salama? Una mawazo ya kujidhuru?" Milango arobaini na nane ilikuwa inasikiliza. Kukiri hapo ni kumwaga mtama penye kuku wengi, na hakuna mtu atakayefanya hivyo. Kila mmoja aliinua kidole gumba kwenye kidirisha, naye akaweka alama kwenye karatasi. Ukitaka kuongea naye faraghani, askari wanakuvua nguo zote, wanakukagua, wanakutia minyororo kiunoni na miguuni, wanakukokota mbele ya wenzako. Ukisema basi, siendi, anaandika, "Amekataa."

Na kulikuwa na kioo. Chumba cha kioo kiko zahanati. Ukiandikwa kwamba unaweza kujidhuru, unapelekwa huko umevalishwa gauni zito lisilochanika, taa haizimwi, huna kitabu wala picha, na askari amekaa nje anakutazama kama samaki wa dukani. Mbaya zaidi, siku za kioo hazihesabiki. Mtu wa shimoni anapanda ngazi kwa siku zake za utulivu: ngazi ya kwanza hupati kitu, ya pili unapata redio, ya tatu unapata simu mara moja kwa wiki. Ukienda kwenye kioo, hesabu inaanza upya. Ndiyo maana shimo zima lilikuwa poa kila Jumanne.

Katika chumba cha kumi na nne alikaa Nafis Brockington, kijana wa miaka ishirini na sita, naye wa Philadelphia, mwembamba, mdomo mrefu. Kumi na tano alikaa Wilfredo Ayala, wote wakimwita Pito, Mpuerto Riko wa Allentown. Hawa wawili walikuwa redio ya jengo la J. Walicheza sataranji ya kupiga kelele: kila mmoja amechora ubao wake kwenye karatasi, kete ni vipande vya karatasi vilivyokunjwa, viraba vimepewa namba moja hadi sitini na nne, unaita tu, "Kumi na mbili kwenda ishirini na nane!" Jengo lote lilifuata, wengine na mbao zao, wengine kwa kubashiri pakiti za tambi.

Nafis alicheza kama mtu anayekimbizwa. Farasi wake wawili walitoka kabla hata mchezo haujapata jasho, akatoa sadaka kete yoyote ilimradi ashambulie, na mdomo haukufungwa. "Pito, huyo mfalme wako mwandalie sanda." Pito alicheza kama bahili, kila kitu amekirundika kuzunguka mfalme. Mmoja wao alishinda, mwingine alishindwa. Sare haikuwepo. Nafis alikuwa na usemi wake kwamba sare ni ya watu wanaopanga kustaafu.

Siku moja ya Oktoba Stukes alisimama kwenye ufa wa kumi na nne.

"Mzee," Nafis alisema, "ukiona nimeanza kuongea na sinki, utaniandika?"

"Sinki linajibu?"

"Bado."

"Basi uko sawa."

Wakacheka. Halafu Nafis akashusha sauti. "Sitanii. Silali vizuri. Lakini nimebakiza siku thelathini nifike ngazi ya tatu. Mwanangu Samiyah ametimiza miaka minne, mzee. Mara ya mwisho kumsikia kwenye simu alikuwa hawezi kutamka jina langu, akaniita Fisi. Wakinipeleka kwenye kioo, ndiyo basi. Niapie hutasema."

Kwenye mafunzo waliambiwa wazi: ahadi hiyo moja usiitoe. Mtu akiwa hatarini, unasema. Stukes alikijua kifungu hicho, hata namba ya ukurasa. Lakini alikuwa mtoto wa mtaani kabla hajawa mtu wa cheti, na mtaani, kama gerezani, anayemchongea mwenzake hana wa kumzika.

"Kwangu halitoki," akasema.

Wiki mbili hivi zikapita. Jumatano moja Stukes alipanda J akakuta mchezo umeshaanza, ila sauti ilikuwa ya Pito tu. "Pito anasema, kumi na moja kwenda kumi na tisa. Nafis anasema, hamsini na mbili kwenda arobaini na nne."

"Kulikoni?" Stukes aliuliza mlangoni kwa Pito.

"Koo limemkauka. Ananinong'oneza kwenye tundu la hewa, namsemea."

Hilo halikuwa jambo geni. Ni desturi ya shimo, kumbebea mwenzako sauti. Stukes mwenyewe, enzi zake, alimbebea sauti mzee mmoja mwenye pumu mwaka mzima. Akachungulia kumi na nne. Nafis amelala, uso ukutani, blanketi hadi shingoni. Stukes akagonga, na kidole gumba kikainuka. Akaandika kwenye daftari lake: Anacheza.

Alhamisi hivyohivyo. Jumatatu hivyohivyo. Kidole juu, Pito anaita pande zote mbili, na Stukes anaandika: Anacheza. Kila alipopita alikuwa na haraka isiyo na sababu, akienda mlango wa pili kabla hajamaliza wa kwanza, akimsahau huyu na kumrudia yule. Sajenti Hummel, mkubwa wa zamu, alimwambia akae walau dakika moja, anawapa watu kizunguzungu. Usiku hakulala. Alikuwa na kitu kinachomwasha asichoweza kukikuna, naye alijiambia ni uzee.

Jumanne Bi. Wojo akapita. "Brockington, uko salama? Una mawazo ya kujidhuru?" Kidole kikainuka. Akaweka alama, akaenda zake. Nusu saa baadaye Pito akatangaza mwisho wa mchezo. Wafalme wawili, kila mmoja na askari wake wamesongamana, hakuna pa kwenda. Sare.

Jengo likaguna, maana sare haimlipi mtu tambi. Sauti ikatoka mbali huko chumba cha arobaini, "Sare? Nafis, umeokoka nini?"

Watu wakacheka. Nafis hakujibu. Nafis, ambaye angeweza kumtukana mtu hadi babu wa tatu kwa kejeli ndogo kuliko hiyo, hakujibu. Stukes, aliyekuwa mlangoni pa ishirini na mbili, alisimama katikati ya neno. Mchezo wa siku sita, na farasi wa Nafis hawakutoka zizini. Akarudi kwa Pito karibu anakimbia.

"Pito."

"Naam, mzee."

"Nani anacheza kete za Nafis?"

"Nafis."

"Nafis hajapata sare tangu mama yake amzae. Naongea taratibu ili wenzako wasisikie. Usinifanye nipaze sauti."

Mnong'ono ukatoka ufani, wa haraka, na Stukes akasikia kwamba Pito naye alikuwa amechoka kuubeba mzigo huo.

"Siku kumi na moja tu, mzee. Amebakiza kumi na moja apate simu. Nilitaka kumvusha."

"Tangu lini?"

"Jumatano. Koo halina kitu. Aliacha tu kujibu. Nagonga ukuta, kimya. Nikasema wakisikia jina lake kwenye mchezo, hakuna atakayemwandika."

"Anakula?"

"Sinia likifika nasikia choo kinavutwa."

Mtu wa nje akisikia habari hii anamlaumu Pito. Sisi hatuwezi. Pito alifanya kile ambacho kila mmoja wetu angemfanyia rafiki, na alikifanya kwa moyo, akicheza na nafsi yake siku sita bila kujipendelea hata kete moja. Mficha maradhi, kilio humuumbua, ndiyo, lakini humu ndani anayefichua ndiye anayeonekana mchawi.

Stukes akaenda kumi na nne. Hakugonga, lakini kidole gumba kiliinuka chenyewe, kwa kusikia viatu tu. Stukes akapiga magoti kwenye tundu la sinia, magoti ya mzee wa miaka sitini na tatu, yakalia.

"Shusha hicho kidole," akasema. "Mimi siyo Jumanne."

Kidole kikashuka.

"Nafis. Unataka kufa?"

Hatukuwa tunaulizana hivyo. Tunaulizana umelalaje, umekula nini, timu yako imefungwa ngapi. Aliliuliza swali hilo chinichini, kisha akabana sikio kwenye chuma na kungoja, na kungoja kulikuwa jambo gumu kuliko yote aliyowahi kutakiwa kufanya. Alitamani kuinuka, alitamani kwenda popote.

"Ijumaa," Nafis alisema. Sauti ilikuwa nzima kabisa, haijakauka hata kidogo.

"Ijumaa nini?"

"Ijumaa napumzika. Ni siku nzuri." Halafu akaongeza, "Uliapa, mzee."

"Niliapa."

Kutoka kumi na nne hadi meza ya Hummel kuna milango kumi na mitatu, na kila mlango una jicho. Stukes alitembea hadi wa kumi na moja akarudi. Akatembea tena, akarudi. Gerezani mtu hana nyumba wala gari. Ana jina, na jina lake Stukes alikuwa amelijenga miaka arobaini na mitatu bila doa. Lakini si jina tu lililomrudisha. Alikuwa anakijua kioo. Alilala humo siku nane mwaka wake wa sita shimoni, na alitoka akiwa mbaya kuliko alivyoingia. Je, kama anamtoa kijana kwenye maji na kumtupa motoni? Na hizo siku kumi na moja, na yule mtoto anayesubiri simu bila kujua kwamba anasubiri? Alisimama pale katikati ya korido, mikono inafunguka na kujifunga, mpaka mtu akauliza kutoka ndani, "Mzee, umepotea?"

Akaenda.

Hummel alikuwa anakula soseji ya kulungu aliyemwinda mwenyewe. "Stukes, leo hata kiti umekisahau."

"Brockington, kumi na nne. Mwite Bi. Wojo."

"Amepita sasa hivi. Kidole juu."

"Kidole hakina mdomo, Sajenti. Mwite."

Hummel akaweka chini soseji. Si mtu wa maneno, lakini miaka ishirini ya korido ile ilikuwa imemfundisha kitu. "Ukishasema, siwezi kukurudishia mdomoni."

"Najua."

Bi. Wojo alikuja akihema. Stukes alimwambia yote: choo, sare, Ijumaa. Bi. Wojo akaitazama karatasi yake ya alama. "Nimemuuliza nusu saa iliyopita," akasema.

"Ulimuuliza mbele ya watu arobaini na saba."

Hakubishana. Nampa haki yake, hakubishana wala hakutaja kanuni. Aliuliza tu, "Tufanyeje?"

"Msimwendee na ngao. Mkimwendea watano na kofia za chuma, Ijumaa itakuwa leo. Niache nimwambie mwenyewe. Na huko kwenye kioo, nikae nje yake kila siku."

"Mfungwa haruhusiwi kukaa zahanati," Hummel alisema.

"Atakaa," Bi. Wojo akasema. "Nitaweka sahihi mimi."

"Na hesabu yake ya simu?" Stukes aliuliza.

"Hiyo haiko mikononi mwangu."

"Basi mtafute aliye nayo."

Akarudi kwenye ufa. Alikuwa ameandaa maneno mazuri, yote yakamtoroka. "Nimesema," akasema.

Kwa mara ya kwanza katika siku sita Nafis alinyanyuka. Alikuwa amekwisha, macho yameingia ndani, shati linaning'inia. Alisogea kwenye kidirisha, akamtazama Stukes, akatoa mikono yake kwenye tundu ili afungwe pingu bila hata kuambiwa. Kisha akapaza sauti ili kila mlango usikie.

"Stukes ni mchongezi!"

Ukagongwa mlango mmoja, ukafuata wa pili, ikawa arobaini. Ngumi, mateke, vikombe. Mchongezi, mchongezi, mpaka saruji ikatetema. Walimpitisha Nafis katikati ya kelele ile, Hummel na askari mmoja tu, bila ngao. Stukes alifuata nyuma, amekiokota kiti chake cha plastiki, amekishika kifuani. Ni Pito peke yake ambaye hakugonga.

Habari ilifika C kabla ya sinia za mchana. Nitasema ukweli, hata kama unatuaibisha. Pale mezani, Stukes alipofika, watu watatu waliinuka, mimi mmojawapo. Jioni tulipika chichi, tambi na chipsi na soseji zote kwenye mfuko mmoja wa maji ya moto, na bakuli lake halikuwepo. Uwanjani hakuna aliyemuuliza ukuta uko wapi. Alitembea hatua zake nne kama mtu ambaye hayupo. Huko J alipita milango yote arobaini na saba iliyobaki, na yote ilimpa mgongo. Alipita tu. Alisema jina la kila mtu kwenye kila ufa, akangoja kidogo, akaenda.

Saa nane mchana alishuka zahanati. Bi. Wojo alikuwa amempatia saa mbili kwa siku. Nafis amekaa chini na gauni lake la kijani, amekipa kioo mgongo, na taa kali juu yake haina huruma. Askari wa zamu alimwangalia Stukes kwa kuchoka. Siku ya kwanza Nafis hakugeuka. Siku ya pili hakugeuka. Ijumaa ikaja, na Stukes siku hiyo hakuweza hata kusema. Saa zote mbili alimhesabia Nafis pumzi kwa kuangalia mabega, mpaka askari akamwambia muda umekwisha. Jumamosi Nafis alikunywa supu. Stukes akapata maneno, na maneno hayakukatika: Bi. Earline na mashuka yake, yule mwenye kibanda cha barafu ya limau aliyewapunja watoto, timu ya Eagles ilivyomvunja moyo miaka thelathini mfululizo, sinki. Barua ya Bi. Wojo kuhusu simu ilikuwa imepelekwa juu na haijajibiwa. Alimwambia na hilo.

Jumapili, karibu na mwisho wa muda, Nafis akasema, mgongo bado umegeuzwa, "Unaongea sana, mzee."

"Nimeambiwa."

"Unajua kilichoniuma?"

"Nilivunja kiapo."

"Hapana." Akageuka. Alikuwa na uso wa mtu aliyetoka homa. "Nililala pale siku sita namsikia Pito anataja jina langu. Nafis anasema hivi, Nafis anasema vile. Siyo mimi. Na wewe unapita. Nasikia viatu vyako mlangoni. Nikawa nasema moyoni, huyu mzee anaujua mchezo wangu. Leo atajua siyo mimi. Halafu unaandika, unaondoka. Kesho yake tena, nasema, leo atajua." Akajifuta uso kwa kiganja. "Mbona ulichelewa?"

Stukes angeweza kusema hakujua. Askari asingejua, Bi. Wojo asingejua, sisi tusingejua.

"Nilijua Alhamisi," akasema. "Farasi hawakutoka. Nilisikia, nikajifanya sijasikia. Niliogopa kuitwa hilo jina uliloniita."

Nafis alimtazama kupitia kioo. Askari akasema muda umekwisha.

"Sasa umeshaitwa," Nafis akasema. "Kesho uje mapema."